Hela ya Tatu imeanguka: siku moja katika darasa langu la awali

Saa 11:30 alfajiri. Chai ikiwa jikoni, nafungua kitabu tutakachosoma leo. Ni kitabu kikubwa cha karatasi za manila, kurasa sita, tulichokichora mimi na mwalimu mwenzangu na kukishona kwa uzi wa katani, ambao hapa Tanga haukosekani. Hadithi ni yetu wenyewe. Mama anampa Tatu sarafu ya shilingi 500 akanunue chumvi. Tatu anaifunga kwenye pindo la kanga, anakwenda dukani, anafungua fundo, sarafu haimo. Baadaye kijana muuza karanga anamrudishia.

Kazi yangu ya asubuhi ni kuzitazama picha kana kwamba sijawahi kuziona. Nyuma ya kila ukurasa nimeandika maneno ya ukurasa huo kwa herufi kubwa, ili nikiwaelekezea watoto picha niweze kusoma bila kupindisha shingo. Chini yake naongeza kwa penseli swali moja, mawili yakizidi. Maswali yakiwa mengi hadithi inageuka mtihani, na mtoto wa miaka mitano akishahisi anapimwa hufunga mdomo.

Saa 1:10. Baiskeli kutoka Ngamiani hadi shuleni. Watoto wa jirani wamewahi kuliko mimi, na "shikamoo mwalimu" zinanipokea getini zote kwa mpigo.

Saa 2:00. Mahudhurio, ukaguzi wa kucha, wimbo. Leo wapo 63. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilipoufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na ada zikaondolewa kuanzia 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wanafika kwetu, na mimi nafurahi. Ila watoto 63 hawawezi kuona picha moja kwa pamoja, na mtoto asiyeiona picha hayumo kwenye hadithi hata kama ameketi kimya na mikono imefungwa kifuani. Kwa hiyo tunawagawa. Mwenzangu anachukua nusu yao kwenye kona za ujifunzaji, mimi nabaki na nusu kwenye mikeka. Baadaye tunabadilishana.

Saa 2:30. "Paukwa!"

"Pakawa!"

Nusu duara, wafupi mbele. Nawaonyesha jalada kwanza na kuwauliza wanaona nini. Wanataja msichana, kanga, njia, mnazi. Halafu nasoma ukurasa wa kwanza, mama anatoa sarafu na Tatu anaifunga kwenye kanga. Nauliza kwa nini ameifunga.

"Isipotee," anajibu mmoja.

"Umejuaje?"

"Bibi yangu anafunga hivyo hivyo."

Hilo swali la umejuaje ndilo ninalolitumia kuliko jingine lolote. Mtoto akijibu sawa namwuliza, akijibu visivyo namwuliza vilevile, kwa sauti ileile, ili asilichukulie kuwa ni ishara ya kukosea. Linamrudisha kwenye picha, au kwenye yale anayoyajua ya nyumbani, kutafuta kilichompa jibu. Kwangu mimi kuelewa hadithi kunaanzia hapo. Kuna watoto wanaoweza kukariri hadithi nzima neno kwa neno, na ukiwauliza kwa nini Tatu alilia wanakutazama tu.

Ukurasa wa pili. Maneno yanasema: "Tatu alikwenda dukani akiimba." Basi, hayaongezi kitu. Lakini kwenye picha, nyuma ya Tatu, fundo limelegea na sarafu imelala mchangani karibu na kuku. Tuliuchora hivyo makusudi, maneno yanyamaze na picha iseme.

Nasoma, nashusha sauti, nanyamaza. Nahesabu moyoni taratibu mpaka kumi. Ukimya huu ni mgumu kwa mwalimu, ulimi unawasha, lakini watoto wengi wanahitaji sekunde hizo kupita kutoka kwenye kuona hadi kwenye kusema.

"Kuku!" anapiga kelele mmoja. Wanacheka. Nasubiri tena. Ndipo binti mmoja ambaye kwa kawaida sauti yake huisikii asubuhi nzima anainuka, anakuja mpaka kwenye kitabu na kuweka kidole juu ya sarafu.

"Hela imeanguka."

Mkeka mzima unasimama. Kila mtu anataka kuiona. Wakishaketi nauliza: "Tatu anajua kama hela imeanguka?"

Wengine wanasema anajua. Wengine hajui. Hawa wanaosema hajui nawauliza wamejuaje.

"Anacheka."

"Anaangalia mbele, hela ipo nyuma."

"Angejua angeokota!"

Mnisamehe nikikaa hapa kidogo, maana kwangu hii ndiyo dakika yenye thamani kuliko zote za siku. Mtoto ametenganisha anachokijua yeye na anachokijua Tatu. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha utafiti wao uliojengwa juu ya kisa kifupi: mtoto anaweka chokoleti yake kabatini, anatoka, mama yake anaihamisha. Akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu kwa kawaida walionyesha mahali pale chokoleti ilipo sasa, kana kwamba kila mtu anajua wanachokijua wao. Kuanzia miaka minne hadi sita wengi zaidi waliweza kusema ataitafuta alikoiacha. Watoto wangu wako katikati ya umri huohuo, kwa hiyo waliosema Tatu anajua siwasahihishi kwa neno. Nawaachia wenzao wawaonyeshe macho ya Tatu yanatazama wapi.

Ukurasa wa tatu, dukani, fundo tupu. Nauliza Tatu anajisikiaje. "Amenuna." "Anaogopa." "Anaona aibu, muuzaji anamwangalia." Yote nayapokea, mradi mtu aonyeshe penye picha: mdomo, mabega, mikono iliyoshika kanga. Mmoja anasema, "Mama atampiga." Simjibu. Narudisha ukurasa wa kwanza. "Mtazameni mama. Anaonekanaje?" Wanatazama, wanabishana, mwingine anasema mama ana uso wa kucheka hatampiga, mwingine anasema mama yeyote anaweza kukasirika. Tunaendelea bila kuamua. Kurudi nyuma kitabuni kutafuta ushahidi ni tabia ya msomaji mzima, na inaweza kuanza kabla mtoto hajaijua herufi hata moja.

Kabla ya kufunua ukurasa wa tano wanapiga kura kwa mikono: muuza karanga atairudisha hela au hatairudisha? Mikono mingi inasema hatairudisha. Tunasoma. Anairudisha. Kelele zinafika darasa la kwanza.

Swali moja siliulizi kabisa: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wanalijua jibu lake kabla ya kusikia hadithi. Watakwambia tuwe na adabu, tuwatii wazazi, hata kama hadithi ilihusu konokono aliyepotea njia. Linawapa ruhusa ya kuacha kufikiri.

Saa 3:20. Kadi za picha, nakala ndogo za kurasa zilezile. Kila kikundi kinazipanga na kusimulia. Kijana mmoja ameweka uso wa Tatu dukani kabla ya sarafu kuanguka. Namwomba anisimulie. "Tatu alikuwa dukani analia, halafu hela ikaanguka..." Anasita, anaitazama kadi, anazibadilisha mwenyewe. Ninachosikiliza hapa ni viungo vya maneno. Anayesimulia kwa "halafu, halafu, halafu" ameshika mfuatano. Anayesema "kwa sababu" na "kwa hiyo" ameshika hadithi.

Saa 4:00. Uji.

Saa 4:30. Makundi yanabadilishana. Kundi la pili linaiona sarafu mara tu ninapofunua, hivyo tunapata muda mrefu zaidi wa kubishana juu ya Tatu kujua au kutojua. Kundi la kwanza linachora. Kila mmoja anachora sehemu anayoitaka na kumwambia mwenzangu inasema nini, naye anaandika maneno ya mtoto chini ya picha bila kuyanyoosha. Mmoja amemchora mama peke yake mlangoni: "Mama anasema mbona Tatu hajarudi." Kitabuni hakuna ukurasa huo. Mtoto ameufikiria mwenyewe, wakati sisi sote tulikuwa dukani na Tatu.

Saa 6:00. Kuwapokeza watoto. Bibi mmoja amekuja kumchukua mjukuu, daftari mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hili daftari mbona jeupe? Wa jirani yangu anasoma shule nyingine, ameshajaza la pili."

Wasiwasi wake nauheshimu, maana daftari ndicho kitu pekee anachokiona kutoka kwetu. Namwambia kuandika kupo na kutakuja zaidi, kisha namgeukia mjukuu: "Msimulie bibi habari za Tatu." Mtoto anaweka begi chini, anasimulia mwanzo mpaka mwisho, na kuku hamsahau. Bibi anasikiliza, mwisho anauliza: "Sasa huyo wa karanga alijuaje hela ni ya Tatu?"

Mjukuu anafikiri. "Alimwona anatafuta chini."

Darasani hakuna aliyeliuliza hilo, na mimi sikuwa nimelifikiria. Namwambia bibi akifika nyumbani aendelee hivyohivyo, na asingoje kitabu. Picha ya kalenda ukutani inatosha, gazeti lililofungiwa maandazi linatosha. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba wazazi walipobadili namna ya kusoma vitabu vya picha, wakauliza zaidi na kumwachia mtoto asimulie, katika mwezi mmoja tu watoto wao waliwatangulia wenzao katika kuzungumza. Bibi hakuhitaji utafiti wowote kulifanya.

Saa 8:00 mchana. Darasa limefagiliwa. Najaza kumbukumbu: nani alitoa sababu, nani alitaja vitu tu, nani hakusema neno. Watatu hawakusema neno. Mmoja wao nyumbani anazungumza Kisambaa tu, na mwenzangu anaijua lugha hiyo, kwa hiyo kesho atamsimulia hadithi hii kwa Kisambaa kwanza, kisha akae naye mkekani. Wawili waliobaki nitawasomea wakiwa peke yao wakati wa michezo, kitabu kikiwa mapajani mwao, kurasa wafunue wenyewe.

Na tumekubaliana kuongeza ukurasa wa saba: mama mlangoni. Tutanakili kutoka kwenye mchoro wa yule mtoto, na maneno yatakuwa ni yake.