Nyanya zangu zilishiba zikasahau kuzaa

Msimu ule nyanya zangu zilipendeza kuliko zote nilizowahi kupanda. Mashina manene kama kidole gumba, majani yamekolea kijani hadi yanakaribia weusi, urefu umenipita kiuno. Ila maua yalikuwa ya kuhesabu, na matunda hata ya kuhesabu hayakuwapo. Mzee mmoja jirani yangu alilizunguka tuta, akashika jani, akalikunja, likakatika kwa ulaini.

"Unazipa nini hizi?"

Nikamwambia: mbolea ya yurea, kisoda kizima kila shina, kila baada ya wiki mbili. Akacheka. "Mwanangu, mmea huu umeshiba. Uzae una haraka gani?"

Yurea niliichagua kwa sababu ya kijinga. Mfuko wake uliandikwa 46-0-0, na uliokuwa pembeni yake 17-17-17. Mimi nikazisoma zile namba kama alama za mtihani: mwenye 46 kamshinda mwenye 17. Hizo sifuri mbili sikuzijali, kumbe habari yote ilikuwa humo.

Jioni ile nilikaa na mfuko mtupu magotini nikausoma kwa mara ya kwanza. Namba tatu ni asilimia ya uzito, na mpangilio wake haubadiliki: nitrojeni (N), fosforasi (P), potasiamu (K). Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa 46-0-0 una kilo 23 za nitrojeni, na fosforasi hakuna, potasiamu hakuna. Ule wa 17-17-17 una kilo 8.5 za kila kimoja. Jumla 25.5. Nikajiuliza, na hizo kilo nyingine karibu 25 ni nini, mchanga? Nilihisi nimepigwa. Lakini nitrojeni haifungwi mfukoni ikiwa peke yake, maana peke yake ni gesi. Huja imeshikana na vitu vingine, kama kwenye yurea ambako imeungana na kaboni, oksijeni na hidrojeni. Uzito wa hivyo vyote nao umo mfukoni.

Kuna mtego mwingine ambao ulinichukua muda. Namba ya pili na ya tatu kwa kawaida hazihesabu fosforasi na potasiamu zenyewe, bali oksidi zake, yaani zikiwa zimeungana na oksijeni: P₂O₅ na K₂O. Ni desturi ya zamani ya wanakemia, na imebaki hivyo. Mbolea ya DAP, yaani 18-46-0, ina kilo 23 za P₂O₅ kwenye mfuko wa kilo 50, lakini fosforasi halisi ni kama kilo 10. Ukilinganisha mfuko na mfuko haina shida, kwa kuwa vyote vimepimwa kwa kipimo kimoja. Shida huja pale kipimo cha udongo kinapokuja kimeandikwa P tupu, na wewe unasoma mfuko wenye P₂O₅. Mimi nilikosea hapo hapo.

Ule wimbo wa "N majani, P mizizi, K matunda" unasaidia kukumbuka, ila usiuamini sana. Kilichonisaidia zaidi ni kutazama jani gani limeanza kubadilika. Nitrojeni ikipungua, mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo njano huanzia chini. Chuma hakihamishiki kirahisi. Kikikosekana, majani ya juu ndiyo hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Njano zote mbili, dawa tofauti kabisa, na yurea ingetibu moja tu.

Msimu uliofuata nilitumia DAP ya kupandia, nikaichanganya na udongo kwanza isigusane na mizizi, maana inaunguza. Ya kukuzia nikaweka kidogo kidogo. Maua yalipoanza nikahamia kwenye mbolea ambayo namba yake ya tatu ndiyo kubwa. Vishada vikaja, sikuamini macho yangu.

Kisha matunda ya kwanza yakaanza kuoza kitako, doa jeusi lililobonyea kwa chini. Nikajua ni upungufu wa kalisi (kalsiamu), nikaanza kutafuta mfuko wenye kalisi. Bahati nzuri nilitazama karatasi ya kipimo cha udongo kabla ya kutoa hela: kalisi ilikuwepo ya kutosha. Kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na mimi nilikuwa namwagilia leo ndoo mbili, kisha siku nne naacha, nikikumbuka namwaga tatu. Nikatandaza nyasi kavu chini ya mashina, nikaanza kumwagilia kiasi kile kile kila asubuhi. Yaliyokwisha kuoza hayakupona, niliyang'oa. Vishada vya juu vilitoka safi.