Na wavu wa mikromita 60, kutoka Mirongo hadi nje ya ghuba

Tulitoka mwalo wa Kirumba, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, jua halijachomoza vizuri, kina mama wa dagaa wakitandaza turubai. Botini tulikuwa nahodha, kijana wake wa injini, dada mmoja anayesomea uzamili wa mambo ya maji, na mimi niliyeomba nafasi kwa udadisi tu. Mzigo wa maana ulikuwa wavu wa dada huyo: koni ya kitambaa cheupe chenye matundu ya mikromita 60 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), mkiani kikombe cha kukingia. Unashushwa kwa kamba hadi karibu na tope, kisha unavutwa taratibu. Kinachobaki kikombeni ni zuplanktoni, wanyama wadogo wanaoelea majini, na aina zao humsaidia kujua hali ya maji.

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali: mdomo wa Mto Mirongo, unaokatiza jijini na kupokea kila kitu. Alitanguliza diski ya Secchi ya kupimia uwazi wa maji, sahani ya sentimita 20 iliyopakwa nyeusi na nyeupe. Ikapotea machoni mara tu ilipozama. Wavu ulipopanda ulikuwa umeganda uji wa kijani: Microcystis, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua, na baadhi yao hutoa sumu. Harufu sitaisimulia, wa Mwanza mnaijua.

Mchana tulikuwa nje ya ghuba, magharibi ya Ukerewe, na diski ilishuka muda mrefu kabla ya kufifia. Hata hivyo si kama zamani. Miaka ya 1920 na 1930 watafiti waliiona hadi mita 5 na kuendelea kwenye maji ya nje. Kufikia miaka ya 1990, sehemu nyingi za ghuba haikufika mita 2. Mbolea, udongo wa mashamba, maji taka, hata vumbi na moshi vinavyoanguka na mvua, vyote vimelinenepesha ziwa kwa virutubisho, na uji wa kijani huzidi.

Tukatia nanga kwenye kisiwa cha mawe, dada akaweka hadubini yake juu ya jabali. Tone la Mirongo lilijaa rotifera, vidudu vya majini vidogo mno, hasa Brachionus, mwenye gamba la miiba, akizungusha vinywele vya kichwani kujivutia chakula. Walikuwa wengi mno, ila wa aina chache. Tone la nje halikuwa na msongamano ule, lakini kila nikisogeza kioo naona sura mpya: kopepoda (jamaa wadogo wa kamba) wa kundi la kalanoida, antena zake ndefu karibu sawa na mwili, kisha viroboto maji wawili, Diaphanosoma na Daphnia lumholtzi, huyu wa pili kichwa kimechongoka, mkia kama sindano, moyo unaonekana ukidunda ndani ya mwili unaopitisha mwanga.

Nikasema, basi kazi imekwisha, huku kusafi kule kuchafu. Dada akacheka. Alichukua dagaa mmoja wa nahodha, akampasua tumbo kwa wembe, akapaka kilichomo kwenye kioo. Vipande vya kopepoda vitupu. Dagaa huchagua wale wakubwa, na tangu sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, alipofyeka furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, dagaa wamekuwa wengi. Kwa hiyo wakubwa wakikosekana wavuni, huenda maji hayana kosa, wameliwa tu. Ndiyo maana anaandika pia oksijeni, joto na kina kabla ya kusema lolote. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko diski: nimesoma ripoti nyingi zinazohukumu ziwa kwa kipimo kimoja.

"Usiku ndio ungewaona," nahodha aliingilia. Vidudu hupanda juu gizani, dagaa huvifuata, na wavuvi huwangoja na taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Yeye hakuwahi kuona kopepoda kwa macho, ila ratiba yao anaijua kuliko sisi wote.

Wakati wa kurudi alichota maji ya ziwa kwa kopo, akaelekea kunywa. Dada akamshika mkono. "Mzee, hata huku chemsha." Akamweleza kwamba bakteria wa kipindupindu hujishikiza kwenye miili ya kopepoda hawahawa, na kwamba Bangladesh, utafiti wa Rita Colwell na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa vijiji vilivyochuja maji kwa sari iliyokunjwa mara kadhaa vilipunguza ugonjwa huo kwa asilimia 48.

"Sari ndiyo nini?"

"Nguo ya kina mama wa kule. Kwenu chukua kanga ya pamba."

Nahodha akapunguza moto wa injini ili asikie vizuri. "Kanga mpya au iliyochakaa?"

"Iliyochakaa. Ikifuliwa sana nyuzi hulegea na kujaza matundu. Ikunje mara nne. Halafu bado uchemshe."