Kilomita Mbili za Mitego ya Panya

Tunatoka kambini kungali giza kwenda kukadiria idadi ya panya, kwa kuwa mtego wa bati ukishapigwa na jua huwa tanuri na aliyemo ndani hufa. Njia inashuka bondeni, inavuka kijito, kisha inatufikisha kwenye nyasi ilikotandazwa mitego 100: mistari 10 ya mitego 10, mita 20 kati ya mtego na mtego. Kuipitia yote ni karibu kilomita 2, ukienda na mstari huu na kurudi na ule.

Kila mtego uliofyatuka tunaukung'utia kwenye mfuko wa kitambaa, tunampima panya uzito, tunasoma namba za vibati masikioni. Awamu iliyopita panya 60 walitiwa alama wakaachiwa palepale waliponaswa. Asubuhi hii wamenaswa 50, na 9 kati yao wana alama. Kanuni ya Chapman ya mwaka 1951 ya kukadiria idadi ya wanyama wote, inayorekebisha ile ya Petersen na Lincoln sampuli zikiwa ndogo, huongeza 1 kwenye kila idadi (60, 50 na 9), kisha inasema: 61 mara 51, gawanya kwa 10, toa 1. Panya 310.

Namba hiyo peke yake siiamini. Mwisho wa mstari wa kumi kuna kivuli, na hapo ndipo tunapofungua kompyuta. Programu ni fupi: tengeneza orodha ya panya 310, 60 wape 1 na waliobaki 0, chota 50 bila kurudisha, hesabu zile 1, piga kanuni, rudia mara 10,000. Zaidi ya raundi 95 katika kila 100 hutoa alama 5 hadi 15, yaani makadirio ya kuanzia 193 hadi 518. Upande wa juu umetanuka kuliko wa chini, kwa sababu idadi ya alama ndiyo inayogawanya. Anayeandika "310, zidisha au punguza 100" anapotosha.

Kisha tunaiharibu programu makusudi. Panya walioonja mtego wakiuogopa, uwezekano wao wa kunaswa tena ukawa nusu ya wenzao, makadirio hupanda hadi karibu 500 ilhali panya ni walewale 310. Wakizoea chambo na kurudi wenyewe, hesabu hushuka. Kibati kimoja tu kikidondoka bila kutambuliwa, 9 inakuwa 8 na jibu linaruka hadi 345. Ndiyo maana tunamvika kila panya vibati viwili.

Kurudi tunapita ukingoni mwa eneo. Panya wa hapa huingia na kutoka, kwa hiyo 310 ni ya eneo kubwa kuliko hekta 3.24 zilizozungukwa na mitego.

Jioni mitego inategwa upya. Uigaji ule wa kompyuta unaonyesha kwamba panya 120 wenye alama na 100 wa kunaswa wangebana makadirio kati ya 254 na 381 hivi. Hao hawapatikani kwa usiku mmoja, kwani mitego ikijaa waliobaki hawana pa kuingia. Tutatega usiku kadhaa mfululizo, kabla vizazi vipya na vifo havijavuruga hesabu.