Nilivyoifufua Dell ya ofisini ikacheza gemu kwa laki nne na nusu

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, ile ya boksi la wima. Ziliingia nchini kwa wingi kama mtumba baada ya kumaliza utumishi wake kwenye maofisi ya nje, na ukizunguka Dar utazikuta kwenye steshenari, shuleni na kwenye vibanda vya kuchoma nyimbo. Hii yangu dada aliichapia barua na CV za watu mpaka aliponunua laptopu, akaniambia njoo uichukue inanijazia meza. Ndani ilikuwa na prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5-3470 ya mwaka 2012, ramu (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, na basi. Kadi ya picha, ile inayochora picha za gemu, haikuwepo. Picha zilitoka kwenye prosesa yenyewe, ambayo kwa barua za kuomba kazi inatosha sana.

Mimi nilitaka GTA V na Euro Truck Simulator 2, lile la kuendesha malori. Mdogo wangu alitaka mpira. Mfukoni nilikadiria laki nne na nusu, tena za kutoka kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, maana kodi haisubiri mtu acheze gemu.

Kabla ya kununua hata waya nilifungua ubavu wa boksi nikasoma kibandiko cha pawasaplai, boksi linalogawa umeme ndani ya mashine: wati 275. Namba hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata. Prosesa yangu kwa maelezo ya Intel inakula wati 77. Tundu la kadi ya picha kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine), kwa kanuni ya PCI Express, ile njia ya kuchomekea kadi, linatoa umeme usiozidi wati 75, na pawasaplai hii haina ule mkia wa pini sita wa kuipa kadi nguvu ya ziada. Jumlisha: 77 na 75 ni 152, ongeza diski, ramu na feni, bado uko salama. Kwa hiyo kadi yoyote inayoridhika na umeme wa tundu peke yake inakubalika, na yoyote inayodai waya wa pembeni imeshajiondoa kwenye orodha. Hapohapo nusu ya kadi zilizokuwa zinanitoa udenda zikapotea, na nikapumua.

Wapo watakaokwambia badilisha pawasaplai kwanza. Kwa 7010 inawezekana, madabodi yake inapokea plagi ya kawaida ya pini 24. Lakini pawasaplai ya kueleweka ingemeza robo ya bajeti yangu au zaidi, na zile za bei ya chee zilizoandikwa wati 500 huku nyepesi kama zina hewa ndani, mimi siziweki kwenye nyumba ninayolala.

Nilianza na kisichohitaji hela: vumbi. Hitsinki, chuma cha kuipoza prosesa, ilikuwa imeziba kiasi kwamba mwanga haupiti. Nikaomba blowa kwa fundi wa jirani, nikashikilia feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, nikafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka na kuwa unga, nikapaka mpya ya elfu tano. Joto la prosesa ikiwa kazini lilikuwa linafika nyuzi 90 na ushee. Likashuka mpaka sitini na kitu. Kwa joto la Dar hilo si jambo dogo, maana prosesa ikichemka inajipunguza kasi yenyewe na wewe unabaki kulaumu kadi.

Halafu nikaiacha mashine iniambie inapokwama. Ukifungua Task Manager ya Windows huku gemu linajaribu kuwaka, unaona mwenyewe: ramu imejaa hadi shingoni, diski iko asilimia 100 na haishuki. Kadi hata sikuhitaji kuifikiria kwa wakati huo.

Ramu ilinigharimu elfu sabini, vijiti viwili vya GB 8 vya DDR3. Hapa pana mtego. Utakutana na vijiti vya GB 8 vya bei rahisi kupita kiasi, na ukisoma kibandiko vizuri vimeandikwa ni vya AMD tu, washindani wa Intel. Hivyo kwenye madabodi ya Intel kama hii havifanyi kazi. Kuna na vya seva, navyo havikubali. Na usinunue kijiti kimoja tu kwa kuwaza utaongeza baadaye. Viwili vinavyofanana vikikaa kwa jozi, prosesa inasoma ramu kwa njia mbili kwa pamoja, na kwenye gemu tofauti inaonekana. SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 256 nikaipata kwa elfu sitini. Mashine haina tundu la M.2 la zile SSD za kijiti, kwa hiyo ni ile ya kawaida ya SATA, ya kuunga kwa waya. Windows ikakaa humo, diski ya zamani ikabaki ghala la gemu ambazo sizichezi kila siku. Mashine ikawaka chapchap mpaka dada akauliza kama ni ileile.

Sasa kadi.

Kwa wati 75 na hela niliyokuwa nayo, GTX 1050 Ti ya NVIDIA ndiyo niliyoilenga. Ilitoka mwaka 2016, ina GB 4 za memori yake, na matoleo mengi hayana tundu la umeme pembeni. Nasema mengi, kwa sababu yapo yaliyowekewa tundu la pini sita, hivyo iangalie kadi kwa macho, usikubali jina tu. GTX 1650 ya 2019 ina nguvu zaidi kwa umeme uleule, ila mtumba wake ulikuwa bado ghali. RX 6400 niliiacha kwa sababu nyingine: inatumia njia nne tu za PCI Express, na kwenye madabodi ya zamani kama yangu inapoteza sehemu ya kasi yake. Na GT 1030 ukiiona, uliza memori. Kuna ya GDDR5 na kuna ya DDR4, jina lilelile, na ya DDR4 iko nyuma mno.

Nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza kijana alikuwa mchangamfu, kadi ziko kwenye maboksi mapya yanayong'aa, 1050 Ti kwa laki na arobaini. Bei hiyo peke yake ilinifanya nikunje uso.

"Nyumbani una kioo gani, kaka?"

"Cha zamani. Kina VGA tu."

"Basi umepata bahati. Hii ina VGA palepale, unachomeka moja kwa moja. Adapta ya nini?"

Akaigeuza anionyeshe, na kweli tundu la bluu la VGA, lile la zamani la waya wa kioo cha kompyuta, lilikuwepo. Kwangu mazungumzo yakaishia hapo. Familia ya GTX 10 haitoi kabisa mawimbi ya VGA. NVIDIA waliyaondoa kwenye chipu. Ukikuta "1050 Ti" yenye tundu la VGA, karibu kila mara mkononi una kadi ya kale, kwa kawaida GTS 450 au GTX 550 Ti, iliyobandikwa jina jipya kwenye programu yake ya ndani. Windows inasoma jina hilo na inakuonyesha "1050 Ti" bila wasiwasi. Hata mwuzaji huenda naye kauziwa mbuzi kwenye gunia, sijui. Nikamwambia, "Mkuu, naomba tuichomeke tuione." Akasema mashine ya kupimia imepelekwa kwa fundi. Nikamwambia ikirudi nitarudi.

Ghorofani kwenye jengo jingine nikampata mzee mmoja mwenye mashine imekaa mezani bila ubavu, waya nje, inafanya kazi. Alikuwa na 1050 Ti fupi ya feni moja, imechoka rangi, haina boksi. Nilikuwa nimekuja na flashi yenye GPU-Z, programu ya kusoma undani wa kadi ya picha.

"Shikamoo mzee. Naruhusiwa kupima?"

"Marahaba. Pima mpaka uridhike, mwanangu. Ikizima, izimie hapa, isikuzimie kwako."

GPU-Z haidanganywi na jina. Nilichotafuta ni mistari minne: chipu iwe GP107, shader (vitengo vya kuchora) ziwe 768, memori GDDR5, upana wa biti 128. Kadi ya kughushi itakuonyesha chipu ya GF106 au GF116 na shader 192, na matoleo ya GPU-Z ya tangu 2018 yanaweka kabisa neno FAKE mbele ya jina. Ya mzee ilikuwa halisi. Nikaangalia vichwa vya skrubu kama vimekwaruzwa, nikazungusha feni kwa kidole kusikiliza kama inakoroma, kisha akaniwekea gemu lililokuwemo kwenye mashine yake, likaenda huku tunakunywa kahawa. Dakika za mwanzo hazisemi kitu, kadi mbovu huanza kuchora michirizi ikishapata moto. Hii ilipata moto na haikuchora. Alianza na laki mbili na arobaini, tukaachana kwenye laki mbili na kumi, akaniandikia kwenye risiti kwamba ikileta shida ndani ya wiki naibadilisha.

Ule uhondo wa VGA haukuishia dukani, maana kioo changu kilikuwa bado na tundu lilelile moja. Kinachotakiwa ni adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani, inayotafsiri mawimbi ya dijitali kuwa ya analogi. Zipo nyaya ndefu za HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, hazina chipu yoyote, na zinauzwa hadharani. Kwenye kadi kama hii hazitoi picha. Yangu ilikuwa elfu kumi na mbili. Kioo ni cha 1600 kwa 900, na wengine wangeona hicho ndicho cha kubadilisha kwanza. Mimi nilikiona ni msaada: nukta za kuchora ni pungufu kwa theluthi hivi kuliko za 1080, kwa hiyo kadi ndogo inapumua. Tena kinaonyesha picha 60 kwa sekunde, hivyo fremu za zaidi ya hapo kwangu ni umeme wa LUKU unaoungua bure. Nimezifungia kwenye 60.

GTA V, lile toleo la zamani wanaloliita Legacy, likakaa kwenye fremu 60 kwa mipangilio ya juu, isipokuwa majani, ambayo niliyashusha. Ila mjini kati, ukiendesha kwa kasi, likawa linashtuka shtuka. Nikawasha vipimo pembeni mwa kioo: prosesa asilimia 100, kadi iko sitini tu, inasubiri. Basi kilichobaki ni prosesa.

Madabodi hii inachukua Core i7-3770, soketi ileile ya 1155, umeme uleule wa wati 77, kwa hiyo hesabu yangu ya mwanzo haikubadilika. Dell wenyewe waliuza 7010 zenye prosesa hiyo, kwa hiyo hata BIOS, programu ya kuwashia mashine, sikuigusa. i5 ina koa nne, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, na nyuzi nne, yaani foleni nne za kazi kwa wakati mmoja. I7 ina koa nne na nyuzi nane, na hizo nyuzi za ziada ndizo gemu lilikuwa linazililia. Nilipewa kwa elfu tisini. Wakati wa kuibadilisha, hofu isiwe kwenye prosesa, iwe kwenye soketi, maana pini ziko upande wa madabodi, nyembamba kama nywele. Prosesa inashushwa wima na kuachiwa, haisukumwi. Mdogo wangu nilimwambia akae mlangoni na asiongee. Mishtuko ya mjini kati ikapungua hadi uitafute.

Hesabu ikaja 447,000. Kijiti cha zamani cha GB 4 nikakiuza elfu kumi na mbili kwa jamaa wa steshenari, nikanunulia TV guard, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu ukirudi huwa unarudi kwa hasira.

Kupakua gemu la zaidi ya GB 70 kwa bando ni kujitafutia umaskini. Gemu nililinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, wakati wa punguzo, mafaili nikayanakili kwa rafiki yangu mwenye fiber kwa diski ya nje, Steam ikayakagua na kupakua kilichopungua tu.

Kilichonikwaza zaidi mwishoni hakina uhusiano na vyuma. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Njia za kuilazimisha zipo, sijazitaka. SSD nimeigawa: upande mmoja Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, ambako ndiko naingia benki na barua pepe, na Steam inaendesha GTA na malori kupitia Proton, kinachoendesha gemu za Windows ndani ya Linux, bila tabu. Upande wa pili Windows 10 imebaki kwa ajili ya mpira wa dogo, kwa sababu ulinzi dhidi ya udanganyifu wa gemu za mpira za EA za miaka ya karibuni haukubali Linux.

Zaidi ya hapa siongezi kitu. Prosesa za kizazi hiki hazina AVX2, seti ya maagizo ya hesabu iliyokuja baadaye, na yapo magemu mapya ambayo bila hiyo hata hayafunguki. Kuivuka hiyo ni madabodi na prosesa, na mara nyingi ramu na pawasaplai, kwa mpigo. Ile i5 bado iko kwenye droo, nimeifunga kwenye kiplastiki chake. Mwenye 7010 ya i3 aje na elfu ishirini.