Daftari la Mchungaji wa Walukuba

Mchungaji wetu wa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja nchini Uganda, aliuza vitambaa siku sita, ya saba akahubiri. Nilipoondoka kwenda Uingereza nilimwacha hai. Nimerudi Jinja nikakuta ameshazikwa kwao Busia, na kila nyumba ninayoingia kusalimia, mazungumzo yanafika kwake hata kabla chai haijamiminwa.

Walukuba ulikuwa mtaa wa wafanyakazi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, viwanda vikafuata umeme, na watu wakafuata viwanda: Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Wateso, Walugbara. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, tukakutana kwa Kiswahili uani, bombani na kanisani. Ndiyo maana alihubiri kwa Kiswahili, na majirani Waislamu walisimama nje ya dirisha kumsikiliza. Kwenye msiba wake wao ndio waliotafuta lori la kupeleka mwili Busia.

Biashara yake kubwa ilikuwa kaki ya sare za shule. Alifunga robota nyuma ya baiskeli, akapita mlango kwa mlango. Alipima kwa kijiti cha yadi, na kabla ya kukata alisogeza mkasi mbele upana wa kidole gumba, ili mama asifike kwa fundi cherehani akaambiwa kitambaa kimepungua. Miaka ya magendo, baada ya Amin kuwafukuza Wahindi 1972 na maduka kubaki matupu, aliyekuwa na bidhaa aliificha hadi bei ipande. Wazee wanashuhudia kwamba yeye hakuficha.

Mimi namkumbuka zaidi kwa mwaka 1987. Mwezi wa tano serikali ilibadilisha fedha: shilingi mia za zamani kwa moja mpya, na hapohapo ikakata asilimia 30. Aliyekuwa na elfu kumi chini ya godoro alibaki na shilingi sabini. Mama alikuwa anadaiwa kitambaa cha sare zetu. Wadai wengine walifuta sifuri mbili daftarini, basi. Mchungaji alikaa kibarazani kwetu na kalamu, akafuta sifuri mbili, kisha akapunguza na ile asilimia 30. Mama akashangaa. Akamwambia, "Dada, umeshakatwa mara moja. Nami nikukate tena?" Alifanya hivyo kwa kila jina lililokuwamo, na hasara akaibeba yeye, mwenye watoto wa kulisha kama sisi.

Wako wanaosema biashara ilimla muda wa huduma. Siafiki hata kidogo. Kudai ndiko kulikomwingiza majikoni mwa watu. Alifika jioni, akaona sufuria zimefunikwa kifudifudi na moto haujawashwa, akaaga bila kutaja deni. Kesho yake asubuhi mtoto wake alileta posho, yaani unga wa mahindi, na maharage, akasema ametumwa, akakimbia kabla hajaulizwa na nani. Alipohubiri juu ya mizani za haki katika Mambo ya Walawi, hakuna aliyeinamisha kichwa kwa aibu ya kumjua mhubiri.

Daftari lipo kwa bintiye. Nimelishika: jalada limeshonwa kwa uzi, na majina mengine ni ya watu waliotangulia mbele ya haki. Yamo madeni ambayo hayakulipwa, na mchungaji mwenyewe alikataza yasidaiwe. Lakini tangu msiba wazee wanakuja wenyewe, wanauliza jina lao liko ukurasa gani, wanalipa kwa kadiri ya thamani ya leo wanavyoona ni haki. Fedha hizo zinanunua sare za yatima wa kanisa. Mama alimaliza lake zamani. Nimetoa kitambaa cha watoto wawili kwa jina lake.

Mlioko Kampala, Nairobi au ng'ambo, kama wazazi wenu walishonesha kaki ile, bintiye anapatikana nyumbani palepale kila Jumamosi mchana, na anaandika risiti.