Milango ya fahamu katika darasa la awali

Mtoto wa miaka minne au mitano anapoanza darasa la awali, kwa kawaida amekwisha kujua kutaja jicho, pua, sikio na mkono, kwa kuwa mama, bibi au dada zake wamemfundisha nyumbani. Kwa maoni yangu, kumkaririsha majina hayo kutoka kwenye chati kwa wiki nzima ni kumpotezea muda. Anachohitaji ni kujua kila kiungo kinafanya kazi gani, na hilo hulielewa vizuri anapojaribu mwenyewe kabla ya kupewa jibu.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la kuonja. Baada ya watoto kunawa mikono, ninakata embe bivu na papai katika vipande vidogo vinavyolingana, kisha mtoto anafumba macho, anabana pua na kutafuna kipande kimoja. Wengi husema tu kwamba ni kitamu. Wanapoachia pua, jina la tunda huwatoka papo hapo, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezo wa supu ya nyama, ilhali sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya kinywa. Maelezo hayo simpi mtoto. Ninamuuliza tu pua imefanya kazi gani, halafu ninasubiri. (Ile picha ya zamani inayoonyesha utamu kwenye ncha ya ulimi na uchungu nyuma yake si sahihi, kwani kila sehemu ya ulimi inayoonja hutambua ladha zote.) Kabla ya siku hiyo ni lazima kuwauliza wazazi kuhusu vyakula vinavyowadhuru watoto wao, na karanga nzima au pipi ngumu zisitumike kabisa, maana zinaweza kumkaba mtoto.

Kwa pua, karafuu, iliki na mdalasini katika makopo yaliyotobolewa vifuniko vinatosha. Kwa ngozi, ninatia pamba, gunzi na kipande cha kumbi la nazi katika mfuko wa kitambaa, na mtoto anaeleza anachokigusa kabla ya kukitoa. Anayeogopa kufungwa kitambaa machoni asilazimishwe.

Moyo si mlango wa fahamu, lakini siuachi nje, kwa sababu unasikika. Mwaka 1816, daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa, na kifaa cha daktari cha kusikilizia mapigo kikaanzia hapo. Nasi tunakunja karatasi ngumu ya manila vivyo hivyo. Mtoto anamsikiliza mwenzake aliyekaa, mwenzake anakimbia kuzunguka uwanja, kisha anasikilizwa tena. "Mwalimu, unagonga mbiombio!"

Somo la sauti linahitaji uangalifu zaidi. Ninaandaa makopo sita: mawili yana mchele, mawili maharage, mawili mchanga, na mtoto anayatikisa ili atafute yanayofanana. Mtoto anayekosea mara kwa mara, au anayegeuza sikio lilelile kila anapotikisa, huenda hasikii vizuri. Huyo ninamkalisha mbele, na jioni hiyo hiyo ninazungumza na mzazi wake ili ampeleke kituo cha afya akapimwe masikio.