Kikohozi cha mzee mgema

Aliletwa asubuhi na mkwewe, kwa bajaji. Ameteleza kwenye mnazi akishuka na kibuyu chake cha tembo, akaangukia kisiki kwa ubavu wa kulia. Eksirei ilionyesha mbavu tatu zimevunjika, ya sita, ya saba na ya nane. Nje ya pafu hakukuwa na damu wala hewa. Kichwa kizima, miguu mizima. Mkwe akauliza kama wanaweza kupewa panado warudi nyumbani.

Mimi ni muuguzi wa usingizi. Watu hunijua kwa nusu kaputi, na kwa sindano ya mgongo ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, kwa hiyo wodini wakiniona huuliza nani anakwenda thieta. Siku hiyo hapakuwa na wa kwenda. Niliitwa kwa sababu ya pumzi ya yule mzee. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akanijibu, "Mara... haba," akilikata neno ili avute hewa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 91. Nikamwomba akohoe. Alifumba macho, akaukumbatia ubavu, kikatoka kisauti kidogo tu kama cha mtu anayesafisha koo msikitini.

Mbavu zilizovunjika mara nyingi huunga zenyewe, kwa wiki sita hivi. Kwa mtu mzima kama huyu ninachokiogopa ni maumivu yenyewe. Anayeumia hupumua juu juu na hathubutu kukohoa. Makohozi yanatuama chini ya pafu, na siku ya pili au ya tatu nimonia imeshaingia. Ningeweza kumpa morfini ya kutosha, lakini ikizidi nayo hulegeza pumzi ileile ninayoipigania. Nikaamua kumchoma ganzi ya mbavu.

Kila upande wa kifua una neva 12 zinazotoka kwenye uti wa mgongo, na kila moja hufuata ubavu wake. Chuoni niliyakariri haya bila kuyaona. Nilikuja kuyaona siku niliponunua mbavu za mbuzi buchani nikamsihi muuzaji asizikatekate. Nilizigeuza juu ya meza ya jikoni. Ukingoni mwa chini wa kila ubavu, kwa ndani, kuna kijifereji. Humo hupita vena, chini yake ateri, na chini kabisa neva, nyeupe kama uzi wa fundi viatu. Kisha, karibu mno, utando mwembamba unaong'aa, na nyuma yake ndipo pafu lilipokuwa. Niliugusa kwa kijiti ukatoboka. Kila ninaposhika sindano ya mbavu naukumbuka utando ule.

Tulimkalisha mzee akiegemea mto. Ncha ya chini ya bapa la bega huwa karibu na ubavu wa saba. Nikahesabu kuanzia hapo, nikatia alama kuanzia wa tano hadi wa tisa, kwa kuwa neva jirani husaidiana, na ukiziacha za pembeni maumivu hubaki. Sindano inagusa mfupa kwanza. Unaitelezesha chini taratibu mpaka iuache ukingo, unasogea milimita mbili au tatu, basi. Unavuta bomba: hakuna damu, hakuna hewa. Nikatia mililita nne za bupivakaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 0.25 kwa kila ubavu, jumla miligramu 50. Alikuwa na kilo 58, na mimi sivuki miligramu mbili kwa kilo. Mbavuni dawa hunyonywa na damu haraka kuliko karibu sehemu zote tunazochoma ganzi. Ndiyo maana nilimwambia anieleze upesi akisikia ladha ya chuma mdomoni au mlio masikioni, dalili za dawa kuzidi kwenye damu.

Tukasubiri. Mkwe alikuwa na hofu nyingine: mzee analalamika tumbo, pale juu ya kitovu. Altrasaundi ilikuwa imeshafanyika, ini zima. Nikamweleza kwamba neva za mbavu za chini hazikomei kifuani. Zinaacha mbavu, zinapita katikati ya misuli ya tumbo hadi mbele. Kitovu ni eneo la neva ya kumi, na chembe cha moyo ni la sita na la saba. Ndiyo sababu mtoto mwenye nimonia ya chini ya pafu anaweza kuletwa akilia tumbo.

Neva hizohizo ndizo ninazoziwinda kwa altrasaundi baada ya upasuaji wa uzazi, kwenye nafasi iliyo juu tu ya msuli wa ndani kabisa wa tumbo. Ganzi ya nafasi hiyo aliieleza daktari Rafi mwaka 2001, bila altrasaundi. Mara ya kwanza nilimwahidi mama mmoja kwamba hatasikia maumivu. Jioni nilimkuta analia, kizazi kikijibana, akaniambia, "Dada, ulinidanganya." Alikuwa na haki. Ganzi ile hulaza ukuta wa tumbo. Maumivu ya kizazi hupita njia nyingine. Nilimwomba radhi, nikamwongezea dawa, na tangu hapo kila mama namwambia kabla: kidonda kitatulia, kizazi utakisikia.

Dakika 15 zikapita. Nikampapasa mzee ubavuni kwa pamba yenye spiriti. Hakusikia baridi. "Kohoa babu." Akanitazama kwa mashaka, akakohoa kidogo, akangoja maumivu. Hayakuja. Akakohoa tena, safari hii kwa kifua kizima, mara tatu nne, akatema kohozi zito la kahawia kwenye kopo. Kipimo kikapanda hadi 95. Mtaalamu wa viungo akamfundisha kupuliza glovu kama puto.

Jioni ganzi ilipoanza kuisha, muuguzi wa zamu alinipigia simu. Mzee alikuwa ameomba aitwe "yule binti wa mbavu" kabla ya kulala.